Mayai Yaliyosafiri Kwenye Barafu: Tukavue Trauti Wapi?

Chama chetu kilipoanza kujadili safari ya mwaka huu, lilitolewa pendekezo ambalo halijawahi kuletwa mezani: twende kuvua samaki kwa nzi bandia. Waliolileta ni wenzetu waliojifunza mchezo huo hapa hapa Uskoti. Wengine wetu, hasa tuliokulia Pwani, tuliuliza kwa nini mtu alipe nauli ya ndege akamvue samaki, ampige picha, kisha amrudishe majini. Mjadala ukawa mrefu. Orodha ya mahali pa kwenda ilikuwa na majina haya: New Zealand, Tasmania, Kashmir, Patagonia, milima ya Afrika Kusini, Nyandarua nchini Kenya, na Loch Leven, ziwa ambalo kwetu ni safari ya basi tu.

Tulipoichunguza orodha hiyo tuliona jambo. Ukiondoa Loch Leven, hakuna hata mahali pamoja ambapo trauti, samaki anayetafutwa, alikuwapo miaka 200 iliyopita. Kote huko alipelekwa na watu. Hata Afrika nzima, ukiacha vijito vya milima ya Atlas huko Morocco na Algeria, haikuwa na trauti wa asili. Kwa hiyo orodha tuliyodhani imepangwa na maumbile, kwa ubaridi wa maji na urefu wa milima, kwa kweli ilipangwa na meli, reli na vichwa vya wapagazi. Makala haya yanaeleza ilivyokuwa, na kwa nini tunadhani chama kinapaswa kuijua habari hiyo kabla ya kupiga kura.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya uvuvi: mshipi, ndoana, chambo, dema, jarife, uzio, juya. Lakini uvuvi huu hauna jina lililozoeleka kwetu, na sababu ni rahisi: haukuwa na kazi baharini kwetu. Mvuvi hatumii chambo cha kuliwa. Hufunga manyoya, sufu na uzi juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu wa mtoni, kisha huirusha kwa fimbo ndefu yenye kunyumbuka. Nzi huyo ni mwepesi mno kurushwa peke yake, kwa hiyo uzito umo katika uzi; uzi ndio unaorushwa, na nzi hufuata. Samaki hudanganywa macho, si pua.

Hila hiyo ni ya kale. Mwandishi wa Kirumi Aelian, aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 200 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwapata samaki wenye madoadoa katika mto wao. Huko Uingereza risala juu ya kuvua kwa ndoana ilipigwa chapa mwaka 1496, na mwaka 1653 Izaak Walton akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya mchezo huo. Kufikia karne ya 19 ulikuwa mchezo wa waungwana. Mito mizuri ya kusini mwa Uingereza ilikuwa mali ya wenye ardhi, na asiye na rafiki mwenye shamba hakuwa na pa kurushia uzi wake. Jambo hili tusilisahau. Mwingereza wa kawaida aliyekwenda makoloni akawa ofisa au mlowezi, huko alikuwa bwana. Alichokikosa nyumbani aliweza kukipata ng'ambo, mradi samaki afike.

Kumfikisha ndiyo ilikuwa kazi. Trauti hafi kwa baridi, hufa kwa joto. Meli ya matanga kutoka London kwenda Australia ilichukua miezi mitatu hivi na ilipita ikweta. Kusafirisha samaki hai hakukuwezekana, na mayai nayo yangeanguliwa njiani na vifaranga kufa. Ufumbuzi ulipatikana katika tabia ya yai lenyewe. Katika maji ya nyuzijoto 10, yai la trauti huanguliwa kwa siku 40 hivi. Likiwekwa karibu na kuganda, hukawia zaidi ya miezi mitatu. Yai hulala, ukipenda kusema hivyo.

Majaribio ya kwanza yalishindwa. Barafu iliyeyuka kabla ya safari kwisha. Mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk iliondoka Uingereza mwezi Januari na kufika Melbourne mwezi Aprili ikiwa na shehena ya barafu, na ndani yake visanduku vya mbao vyenye mayai yaliyolazwa katika majani mororo ya aina ile inayoota juu ya mawe yenye maji. Aliyeisimamia kazi hiyo ni James Youl. Karibu mayai yote yalikuwa ya samaki aina ya samoni, kwa maana samoni ndiye aliyetakiwa. Mayai ya trauti yaliongezwa tu, machache, kama nyongeza ya muuza duka. Mwezi Mei yalianza kuanguliwa katika mabwawa ya Plenty, huko Tasmania. Samoni wakapotea baharini wasirudi kama ilivyotarajiwa. Trauti wakakaa, wakazaana, na miaka mitatu baadaye mayai ya ukoo huo yakapelekwa New Zealand.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, nasi hatutayafuata yote. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na meli za mvuke zikafupisha safari. Afrika Kusini ilipata trauti wake katika miaka ya 1890, Kashmir mwaka 1900, Patagonia mwaka 1904 kwa mayai yaliyotoka Marekani. Huko Uingereza kilikuwapo hata chama, kilichoanzishwa mwaka 1860, cha kuwahamisha viumbe kutoka nchi moja hadi nyingine na kuwazoesha makazi mapya. Leo neno hilo linatisha. Wakati ule lilionekana kuwa sayansi na ukarimu kwa pamoja.

Sasa turudi karibu na tunapokaa. Loch Leven ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, kando ya mji wa Kinross. Wanafunzi wa historia wanalijua kwa sababu ya ngome iliyo kisiwani, ambamo Malkia Mary wa Uskoti alifungwa mwaka 1567 na kutoroka mwezi Mei 1568. Wavuvi wanalijua kwa sababu ya trauti wake wenye rangi ya fedha, ambao wataalamu wa zamani waliwahesabu kuwa aina ya peke yake na kuwapa jina lao la Kilatini. Baadaye ilikubalika kwamba ni trauti wa kahawia kama wengine. Lakini jina lilikuwa limeshakua. Katika miaka ya 1870 Sir James Maitland alijenga Howietoun, karibu na Stirling, kituo cha kutotolesha vifaranga kilichotumia ukoo wa Loch Leven, na mayai ya ukoo huo yakaenda sehemu nyingi za dunia. Walowezi walipotaka trauti, mara nyingi walitaka hao.

Ndivyo Loch Leven ilivyofika Kenya. Aliyeagiza ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyekwisha kujipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, na aliyekuwa mmoja wa viongozi wa walowezi. Mwaka 1905 mayai yaliteremshwa Mombasa. Reli, iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1896 na kufika ziwa Victoria mwaka 1901, iliyachukua hadi Naivasha. Kutoka hapo hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Wapagazi waliyapandisha Kinangop na kuvuka safu ya Nyandarua, ambayo vilele vyake vinafika karibu mita 4,000, hadi Mto Gura, unaoteremka upande wa mashariki kuelekea Nyeri na hatimaye kuchangia maji ya Mto Tana. Karibu na ikweta baridi haitafutwi kaskazini wala kusini, hutafutwa juu. Gura ulikuwa na baridi hiyo.

Tuombe msomaji asimame kidogo juu ya neno wapagazi. Katika masimulizi tuliyoyasoma, jina la Grogan limo, jina la ziwa la Uskoti limo, jina la mto limo. Waliobeba hawamo. Walipanda mlima wenye umande wa barafu alfajiri, wakiwa na mzigo usioruhusiwa kutikiswa wala kupigwa na jua, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuuthamini. Lugha ya misafara ya wapagazi katika nchi hizo ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo yumkini maneno ya kwanza yaliyosemwa juu ya trauti katika milima ya Kenya yalikuwa ya lugha yetu, na yumkini yalikuwa "polepole" na "msimwage".

Tazama pia mwaka wenyewe. Kituo cha serikali cha Nyeri kiliwekwa mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya watu wa Tetu kupigwa. Mwaka 1904 jeshi lilipigana na watu wa Iriaini, upande wa Mathira, na kuchukua mifugo mingi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikwisha kumpa serikali uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Mwaka uliofuata vita vya Iriaini ndio mwaka wa mayai. Nao Wakikuyu wa zama zile hawakula samaki. Riziki yao ilitoka shambani na zizini. Mto ukawekwa kiumbe ambacho wenyeji hawakukiomba, hawakukihitaji, na ambacho baadaye kingewataka wawe na leseni wakitaka kukigusa. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuja kwa masharti hayo.

Kuhusu Grogan mwenyewe, hatupendi kumchora kama shetani wa katuni. Hospitali ya watoto ya Gertrude's jijini Nairobi, ambayo huenda baadhi ya wasomaji wetu walitibiwa humo, ilitokana na zawadi yake kwa kumbukumbu ya mkewe. Lakini mwezi Machi 1907, miaka miwili baada ya trauti, Grogan aliwachapa viboko hadharani vijana watatu wa Kikuyu, wavuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa walowezi ukitazama. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Vitabu vya uvuvi humsifu kwa mayai na kunyamaza kuhusu viboko. Vitabu vya siasa hutaja viboko na kusahau mayai. Sisi tunaona ni habari moja: mtu aliyeamini kwamba nchi ni yake kuipanga, samaki wake na watu wake.

Samaki walishamiri. Mwaka 1910 trauti mwingine, yule wa rangi ya upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, aliletwa kutoka Afrika Kusini. Mito ya Nyandarua na Mlima Kenya ikajazwa, na baadaye vijito vya Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika vikapata wao. Mwaka 1948 serikali ilijenga kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Kwa mlowezi, mto wa trauti ulikuwa kipande cha nyumbani. Kulikuwa na umande asubuhi, ukungu, fimbo, na mbwa akisubiri ukingoni. Hata nyumba ya Sagana, ambayo Kenya ilimpa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi, ilikuwa katika nchi hiyo hiyo ya trauti. Hapo ndipo alipoambiwa, tarehe 6 Februari 1952, kwamba baba yake amefariki na yeye ni malkia.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa. Misitu ya Nyandarua ikawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1953 serikali iliitangaza misitu hiyo kuwa eneo lililopigwa marufuku, ambamo mtu aliweza kupigwa risasi kwa kuonekana tu, na ndege za kijeshi zikaanza kuidondoshea mabomu. Waliokuwa wakinywa maji ya vijito vile ni vijana na wajukuu wa watu wa Tetu na Mathira. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu huo mwezi Oktoba 1956. Anayekwenda leo Gura na fimbo yake anapita katika mahali hapo hapo. Maporomoko ya Karuru, yenye urefu wa mita 273, na mabwawa baridi yaliyo juu yake, yamo sasa ndani ya hifadhi ya taifa. Vipeperushi vya safari hueleza vizuri ubaridi wa maji. Mengine hawayagusi.

Kuna gharama ya pili, isiyohusu watu peke yao. Trauti ni mlaji wa nyama. Trauti wa kahawia na yule wa upinde wa mvua wote wawili wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe wageni 100 walioleta madhara makubwa duniani, pamoja na sangara wetu wa ziwa Victoria, ambaye Wajaluo humwita mbuta. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu yakatoweka. Katika ziwa Titicaca samaki mkubwa wa asili alipotea baada ya trauti kuingizwa katika miaka ya 1940. Huko Lesotho kuna samaki mdogo wa milima ya Maloti anayeponea katika vijito ambavyo trauti hawajafika. Tofauti ya sangara na trauti, kwa maoni yetu, ni kwamba sangara alipata wa kumlaumu, kwa sababu aliharibu chakula cha watu wengi. Trauti aliharibu viumbe vidogo mahali pasipo na soko, na mwenye kumtazama alikuwa ni mpenzi wake.

Wenzetu wapenzi wa mchezo huu wana jibu, na tunalipa nafasi. Wanasema: mvuvi wa trauti ndiye mlinzi wa mto. Anataka maji safi, msitu usikatwe, kiwanda kisimwage taka, naye hulipa leseni na ada ya hifadhi. Miaka zaidi ya 100 imepita, nao samaki wa Gura wamezaliwa hapo vizazi kwa vizazi. Utamwita mgeni mpaka lini? Hoja hii ina uzito, hasa upande wa msitu. Lakini mlinzi anayelinda mto kwa ajili ya samaki aliyeuletea yeye mwenyewe anastahili kuulizwa analinda nini hasa.

Swali hilo limeshaulizwa kwa namna nyingine na watu wa California. Mwaka 1872 serikali ya Marekani iliweka kituo cha mayai ya samoni kwenye mto McCloud, katika ardhi ya Wawinnemem Wintu, ambao samoni kwao ni ndugu. Mayai kutoka huko yakapelekwa mbali, hata New Zealand. Katika miaka ya 1940 bwawa la Shasta likaziba njia, samoni wakatoweka McCloud, na vijiji vikafunikwa na maji. Mwaka 2010 Wawinnemem walisafiri hadi New Zealand, wakasimama ukingoni mwa mto Rakaia, na kuwachezea ngoma samoni waliotokana na mayai yale, wakiwaomba msamaha na kuwaomba warudi nyumbani. Katika orodha yote ya safari za samaki tuliyoisoma, hii ndiyo pekee ambayo msafiri hakubeba ndoana.

Basi chama kiende wapi? Pendekezo letu ni kuanza na Loch Leven. Si kwa sababu ya unafuu wa nauli tu, ingawa mweka hazina wetu atafurahi. Hapo samaki yupo kwao, na anayechoka kurusha uzi anaweza kuvuka kwenda kuitazama ngome. New Zealand na Patagonia tunawaachia wenye kipato.

Gura tungependa iwe safari ya mwaka ujao, lakini si kwa kushuka Nairobi na kupanda gari hadi mtoni. Tuifuate njia ya mayai: tuanzie bandarini Mombasa, tupande treni, tushuke Naivasha, kisha tupande Kinangop kwa miguu na kuvuka upande wa Nyeri, kwa leseni na kibali cha hifadhi. Tutahitaji wabebaji na waongozaji wa mlimani, nao walipwe kabla ya kuondoka. Ripoti ya safari itakapochapwa katika jarida hili, ukurasa wa kwanza uwe wa majina yao, kama watakavyopenda yaandikwe. Idadi ya samaki, kama watapatikana, iwekwe mwishoni.